Nina madaftari 11 ya mashairi, halijaisha hata moja

Mama, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 32, naishi Muheza mkoani Tanga. Shida yangu wengine wataiona ndogo, lakini tangu mwezi wa nane inaninyima usingizi.

Babu yangu mzaa baba alikuwa malenga. Hakuchapisha kitu, ila huku kwetu harusi ilikuwa haijanoga mpaka yeye asimame. Vina vilinikaa kichwani kabla sijajua kusoma. Nilipoingia sekondari nikaanza kuandika, na mpaka leo nina madaftari 11, yale ya kaunta buku. Ukifungua lolote utakuta ubeti wa kwanza. Ukigeuza ukurasa, ubeti wa kwanza wa shairi lingine, au uleule umeandikwa upya kwa kina kingine. Beti za pili ni za kuhesabu. Shairi lililokwisha, lenye jina juu na tarehe chini, halipo.

Lilikuwepo moja. Miaka minne iliyopita nililipeleka kwenye kipindi cha mashairi redioni, likasomwa. Nilikuwa ofisini na walimu wenzangu, saa nne, wakati wa chai. Msomaji alipomaliza, mzee mmoja aliyealikwa studio akasema, "Hili ni guni. Ubeti wa tatu una kipande cha mizani saba. Mtunzi akajifunze kwanza ndipo alete." Nilihesabu upya nikakuta ni kweli: neno "mwaka" nilikuwa nimelipa mizani tatu, yaani silabi tatu, nalo lina mbili. Wenzangu walicheka kidogo, wakaendelea na chai yao. Mimi sijapeleka shairi popote tangu siku hiyo.

Sasa mwaka huu shangazi yangu wa Tanga mjini alimwoza bintiye, ambaye kwangu ni dada. Aliniita miezi minne kabla, akaniambia, "Mwanangu, babu yako hayupo, shairi la harusi hii ni lako." Nilifurahi mno. Nikaandika ubeti wa kwanza usiku uleule:

*Leo nyumba ya shangazi, ngoma zinalia tena,*
*Udi umejaa ngazi, jirani waulizana,*
*Mama afuta machozi, ya furaha si ya jana,*
*Bibi harusi pokea, salamu za wako ndugu.*

Asubuhi nikausoma nikaona hilo "tena" la mstari wa kwanza ni neno la kujazia tu, nimelichomeka ili kina kikae. Nikaanza kutafuta badala yake. Mama, nilitafuta miezi miwili. Ubeti wa pili niliuandika mara saba, kila mmoja una kasoro yake. Usiku wa kuamkia harusi nilikuwa na ubeti mmoja na vipande. Kesho yake mshereheshaji akaita jina langu mbele ya watu. Nikasimama, nikasema sikujiandaa, naomba radhi. Shangazi akasema kwa sauti ya upole, "Hamna neno, mwanangu." Angenigombeza ningeona nafuu.

Wananiambia nina viwango vya juu. Mke wangu anasema ni uoga. Mimi mwenyewe naona labda kipaji kiliishia kwa babu, na haya madaftari ni kujidanganya. Nimefikiria kuyachoma ili niache kabisa. Nifanye nini?

Mwenye madaftari 11, Muheza

*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza kiberiti kiweke mbali. Madaftari hayo yana kazi, nitakwambia ipi.

Ubeti wako nimeusoma mara nyingi wiki hii, mara mbili kwa sauti, jikoni, nikichambua mchicha. Nataka tuanze hapo kabla ya viwango na uoga. Unasema "tena" umeichomeka. Nisikilize mimi ambaye sikuwa kwenye harusi wala sijui nyumba ya shangazi yako. Ngoma zinalia *tena*: maana yake ziliwahi kulia, zikanyamaza. Nikashuka mpaka mstari wa tatu, nikakuta mama anafuta machozi ya furaha, "si ya jana". Jana alilia nini? Nikajisemea, nyumba hii ilipata msiba. Sikuvumilia, nikamwomba kijana anayeshughulikia barua zetu akupigie kukuuliza, ukamjibu kwamba mume wa shangazi alifariki miaka miwili kabla, na tangu siku hiyo nyumba ile haikupigwa ngoma. Barua yako haikutaja jambo hilo hata kwa nusu mstari. Ubeti wako ulikuwa umeshanieleza.

Unaona ulichofanya? Usiku ule wa kwanza, ukiwa na furaha na bila kujichunga, mkono wako uliandika neno la pekee linalobeba msiba wa nyumba nzima, kwa silabi mbili, tena likakubaliana na kina. Asubuhi ukalishtaki kwa sababu lilikuja bila jasho. Kisha ukatumia miezi miwili kutafuta namna ya kuliondoa neno bora kuliko yote katika ubeti. Hilo ndilo lililonifanya niweke mchicha chini.

Na wewe usingeweza kuliona. Wewe ulikuwa unaangalia vina, kwa sababu vina vinahesabika, na tangu siku ya redio umekuwa mtu wa kuhesabu. Maana ya "tena" ilihitaji sikio la mtu mwingine. Shangazi yako angelisikia mstari ule mbele ya watu, akamkumbuka mumewe, ungejua palepale kama neno ni la kujazia au la. Ulimnyima yeye nafasi hiyo, ukajinyima na wewe.

Tuje kwa yule mzee wa redioni. Alisema kweli kuhusu mizani. "Mwaka" ni mizani mbili, hilo halina mjadala, na mimi ni katika wale wanaopenda shairi lipige hesabu yake sawasawa. Alipokosea ni pale alipokwambia ukajifunze kwanza ndipo ulete, kana kwamba kuna mahali pengine pa kujifunzia. Kosa lile ulilijua kwa sababu ulileta. Lingebaki daftarini, leo ungekuwa bado unaipa "mwaka" mizani tatu. Halafu, mwanangu, sikiliza neno lenyewe alilotumia: guni. Guni ni shairi lenye dosari ya vina au mizani. Ni jina la shairi. Wewe ulilichukua ukalivaa kama jina lako, umetembea nalo miaka minne.

Fikiria pia kwamba wazee wa fani waliona haja ya kulipa shairi lenye dosari jina lake. Maana yake yalikuwa mengi! Na wakaweka mlango mwingine wa huruma. Neno likizidi mizani, unalifupisha, "nimekuja" ikawa "mekuja", na hiyo inaitwa inkisari. Likipungua unalirefusha, "enda" ikawa "enenda", hiyo mazida. Kina kikigoma unabadili silabi ya mwisho ya neno, hiyo tabdila. Na wewe mwenyewe katika mstari wa nne umepindua "ndugu yako" ukaandika "wako ndugu" wala hukuomba ruhusa, kwa sababu kufinyanga sarufi ni haki ya mtunzi. Hata Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyeziweka sheria za kutunga katika kitabu chake cha 1954 ambacho walimu wanakitegemea mpaka leo, alikuwa akieleza fani ambayo watu walishaifanya karne nyingi kwa mdomo, sokoni na barazani. Utungaji ulitangulia, kanuni zikaandikwa baadaye kutokana na yale yaliyokwisha kutungwa.

Ndiyo maana neno "viwango vya juu" silikubali kwako, ingawa waliokwambia walikusudia kukusifu. Mtu wa viwango vya juu anafinyanga kitu kizima. Anakuwa na beti sita mbele yake, anaona ubeti wa nne umelegea, anaurekebisha ufanane na wa tano. Wewe huna cha kurekebisha, una milango ya mbele 100 bila nyumba. Ubeti wa kwanza huwezi kujua kama ni mzuri mpaka uone unaingiza wapi. Nimewahi kuona mtunzi akitupa ubeti wake wa kwanza wote baada ya kuandika wa saba, kwa furaha kabisa, kwa kuwa wa pili ndio uliokuwa mwanzo halisi. Hilo unaligundua ukiwa umeshafika mwisho.

Mke wako yuko karibu zaidi na ukweli, lakini neno "uoga" ni kali, na mimi sidhani wewe ni mwoga. Wewe umeumizwa hadharani, ukatafuta mahali ambapo hutaumizwa tena, ukapapata: ubeti wa kwanza. Hakuna anayeweza kuliita guni shairi ambalo halijaisha. Ukishalijua hilo, utaanza kuukamata mkono wako pale unapogeuza ukurasa kuanza upya.

Sasa babu yako. Hapa nitakaa kidogo, maana nahisi ndiye unayeshindana naye. Umemsikia babu kwenye harusi, amesimama, kanzu safi, watu kimya, shairi limekamilika. Hukumsikia alipokuwa akilitafuta shambani wiki nzima. Na yale yaliyomharibikia hakuna aliyeyahifadhi, kwa sababu shairi la mdomo likiwa baya linakufa usiku uleule. Unalinganisha madaftari yako yote, pamoja na takataka zake, na yale machache ya babu ambayo watu waliyapenda hadi wakayakumbuka. Mashindano hayo hata babu mwenyewe angeshindwa. Nina ombi: mwulize shangazi yako kama baba yake aliwahi kutunga shairi likaanguka. Ni bintiye, atakuwa nalo moja, na nadhani mtacheka pamoja mpaka ile "hamna neno" ipate kuwasahau nyote wawili.

Angalia na Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye kila mwalimu wa Kiswahili anamtaja. Zama zake, mwanzoni mwa miaka ya 1800, mtu alikuja na fumbo, na wewe malenga ulitakiwa kulifumbua kwa shairi. Kukitokea ugomvi wa mji, linatungwa shairi, upande wa pili unajibu. Shairi lilikuwa zamu ya mtu kusema, na zamu ikipita imepita. Muyaka alifariki mwaka 1840. Miongo kadhaa baadaye ndipo Mwalimu Sikujua alipozikusanya beti zake kutoka kwa watu waliozikumbuka, pamoja na mmisionari Taylor, na diwani ikachapishwa 1940, miaka 100 kamili tangu kufa kwake. Kwa hiyo mtu huyu hakupata kusahihisha prufu hata moja. Alichofanya ni kujibu kwa wakati, kwa ufundi aliokuwa nao siku hiyo, na watu wakafanya mengine.

Utaniambia, Mama, basi unataka nilipue kazi. Sitaki hivyo. Mkumbuke malenga Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kuanzia 1969 mpaka 1972 kwa maandishi ya siasa. Gerezani alitunga akiandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, na mashairi hayo yakatoka kitabuni 1973. Ukiyasoma utakuta vina na mizani vimekaa barabara. Ufundi aliushika. Anasa ambayo hakuwa nayo ni ya kuandika ubeti mmoja mara saba na kuziweka zote saba akingoja siku atakayojua upi ni bora. Huwa ninalifikiria hilo mara kwa mara, ile karatasi laini inayochanika, na mtu anayeamua mstari sasa hivi.

Ufanye nini basi. Shairi la dada yako bado lina zamu yake, usidhani limepitwa. Bibi harusi wa mwezi wa nane bado ni bibi harusi, kwetu mwaka wa kwanza wote ni wake. Chagua jioni moja wiki hii, baada ya isha au baada ya chakula, na ulimalize jioni hiyohiyo: beti tano, basi. Ubeti wa kwanza usiuguse, na "tena" nakukataza kabisa. Kibwagizo unacho, kwa hiyo mstari wa nne wa kila ubeti umeshapatikana, unadaiwa mistari 12 tu. Kwa ubeti wa pili chukua ule kati ya saba ambao mdomo wako unauimba bila kujikwaa. Ndiyo, uimbe. Tafuta mahadhi ya babu, zile unazozikumbuka, uimbe kila mstari kabla ya kuuandika. Vidole vinaweza kukudanganya kwenye "mwaka", lakini ukiimba, kipande cha mizani saba utakisikia kinachechemea kabla hujakihesabu. Mstari ukikwama, andika maneno ya kawaida yanayobeba maana, weka nyota pembeni, songa. Kurudi juu ni marufuku mpaka ubeti wa tano uwe na tarehe chini.

Kisha lilaze siku mbili. Ukirudi, rekebisha zile nyota na chochote kinachochechemea, kwa kikao kimoja. Baada ya hapo washa simu, imba, na umtumie dada yako kwa sauti, na shangazi pia. Usiandike maelezo marefu ya kuomba radhi kabla yake. Ukianza na radhi watalisikiliza kwa huruma, na shairi hili halihitaji huruma.

Redio iache kwanza. Unahitaji mtu mmoja wa kujibizana naye. Wilaya ya Muheza haikosi mwalimu mwingine mwenye daftari limefichwa chini ya godoro, au mzee aliyekuwa akipokea vibwagizo vya babu yako. Mtumie beti tatu, umpe wiki moja ajibu kwa vina vyako, kisha nawe una wiki moja. Mtu akiwa anakungoja utamaliza. Hii ndiyo dawa ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo fani ilivyolelewa tangu Mombasa ile ya Muyaka mpaka kurasa za mashairi za magazeti, ambako watunzi wamekuwa wakiulizana na kujibizana kwa miaka.

Na madaftari: hiyo ni ghala. Malenga mwenzako akikutumia shairi la kina cha "zi" na "na", unadhani utaanza kutafuta kutoka hewani? Utafungua daftari la nne, utakuta ubeti unaongoja tangu 2015. Safari hii utauchukua na kuendelea mbele.

Kuhusu kipaji kuishia kwa babu, nimekwisha kukujibu pale kwenye "tena".

Ukishaituma ile sauti niandikie, uniambie shangazi alisema nini. Na ubeti wa tano nitumie ulivyo, hata kama una nyota.